Irudishe Mistari ya Hamisi

Nyamizi mwanangu,

Salamu nitakupa kesho stesheni, mbele za watu, kama mama yeyote. Hapa sina salamu. Nina hasira, na nimeamua kukufungia hasira hiyo kwenye begi pamoja na karanga. Mchana huu umeniacha mezani nikiwa na tonge mkononi, ukaenda Kasokola kumuaga shangazi yako. Ukirudi, nyumba itajaa majirani wa Shanwe nzima wanaotaka kumwona mtu wa kompyuta kabla hajapanda treni, na hatutapata nafasi ya kugombana vizuri. Mimi ugomvi uliokatwa katikati hunikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Sitakuandikia habari za kula, za kuvaa wala za wanaume. Umeishi Dar es Salaam miaka yote ya chuo bila mimi na hukufa. Lakini safari zile ulikuwa unaondoka kama mwanafunzi, tukijua likizo itakurudisha. Sasa ofisi uliyokuwa ukijifunzia kazi imekuajiri. Kesho unahama. Kwa hiyo nitakuandikia jambo moja tu, lile la mezani, na utalisoma mpaka mwisho kwa sababu treni ya Tabora haina haraka na huna pa kukimbilia.

Nilikuuliza swali dogo. "Yule Hamisi wa ofisini kwenu bado anakusumbua?"

Ukacheka. "Hamisi nimemmaliza, mama."

"Umemmalizaje?"

"Tuligongana kwenye faili moja. Mashine ikakataa. Nikaacha yangu, yake nikafuta. Dakika moja tu, nikaenda zangu kupanda treni."

Baba yako akapiga meza kwa furaha. "Mtoto wa mama yake huyu!"

Hapo ndipo hasira iliponianza, maana alikuwa anasema kweli. Nikakuuliza mistari ya Hamisi ilikuwa inasema nini.

"Ah, mambo ya mvua. Yule ni mtu wa Kasulu, kwake kila kitu ni mvua. Sijui wilaya ambazo barabara zake hukatika ziagize mapema dawa za masika yote, sijui nini. Inaifanya programu iwe nzito bure."

"Na Mpanda je?"

"Mpanda imefanya nini?"

"Barabara ya Mpanda masika huwa inafanya nini, Nyamizi?"

Ukasema lile neno ambalo limenitoa jikoni na kunikalisha hapa kuandika: "Mama, mwenyewe hakuwepo. Alikuwa msibani. Angerudi angebishana wiki nzima. Nyie hamuelewi, ile ni kazi ya ofisi."

Naelewa, mwanangu. Kwa siku zote za likizo yako umenifundisha kazi hiyo kwa kuchorachora nyuma ya kalenda, na mimi si mjinga, ingawa ni mwalimu wa shule ya msingi. Mna ghala moja ndani ya kompyuta ambamo programu nzima ya kugawa dawa kwa zahanati imewekwa. Kila mmoja wenu anachukua nakala, anakwenda kuifanyia kazi kwenye mashine yake, kisha anarudisha mabadiliko ghalani. Mkibadilisha sehemu tofauti, mashine inayaunganisha yenyewe. Mkibadilisha mstari uleule, inasimama. Inaweka mishale inayotazama kushoto, chini yake maneno yako, kisha mstari wa kugawa, kisha maneno ya mwenzako, kisha mishale inayotazama kulia. Halafu inangoja.

Inangoja, Nyamizi. Wewe ulisema imekataa. Nimechoka na watu wanaosema mashine imekataa, kama zamani walivyokuwa wakisema faili limepotea au bwana mkubwa yuko safarini. Mashine haikukataa kitu. Ilikwambia hapa watu wawili wana neno juu ya jambo moja, na mimi ni chuma, sijui nani ana haki, nendeni mkazungumze. Chuma kilikuwa na adabu. Mtu ndiye aliyekosa.

Sasa nikwambie kwa nini baba yako alipopiga meza mimi sikufurahi.

Ulikuwa unatambaa tu tulipokuwa kijijini Kasansa, wilaya hiihii ya Mpanda, kwa hiyo hukumbuki. Nilikuwa mwalimu pale, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kila kitabu walichokuwa nacho mapadri, na nilikuwa nikiandika barua za matusi ya heshima magazetini, kijiji kilinifanya mwandishi wa sheria ndogo. Wakulima na wafugaji walikuwa wamekaa pamoja wakakubaliana rasimu moja juu ya mto, mashamba na ng'ombe. Nikachapa nakala mbili. Moja wakaenda nayo wakulima, wakiongozwa na mjomba wangu Pius, kaka wa mama yangu, ambaye ndiye aliyenilipia shule. Nyingine wakaenda nayo wafugaji wa Kisukuma waliohamia na mifugo yao kutoka kaskazini, na mkubwa wao alikuwa mzee Masanja. Kila upande urekebishe, urudishe kwangu, niunganishe. Unaona? Ghala lilikuwa mimi.

Kosa la kwanza nililifanya hata kabla hawajarudi, na wewe unalifanya, nimekusikia ukijisifu. Nilipowapa rasimu sikuweza kutulia. Mwalimu wa Kiswahili akiona sentensi ya wazee wa kijiji mkono unamwasha. Nikaichukua nakala yangu nikaisafisha yote: nikahamisha vifungu, nikapanga namba upya, nikageuza maneno yawe mazuri. Waliporudisha zao, hakuna mstari hata mmoja uliolingana na wangu. Kila kitu kilionekana kimebadilishwa, kwa hiyo sikuweza kuona kilichobadilishwa kweli. Nilikuwa nimezika mabadiliko yao chini ya usafi wangu. Juzi uliniambia kwamba mafaili ya wenzako yamekaa ovyo, na kila unapofungua moja kwanza unayapanga upya mistari yote ndipo uanze kazi. Halafu unashangaa mnagongana kila siku! Unapotaka kufagia, fagia siku yako, uwaambie wenzio, usichanganye na kitu kingine. Usifagie nyumba ambayo watu wamelala chini.

Kosa la pili ndilo lililonipa nywele hizi nyeupe unazonitania.

Kulikuwa na sentensi moja. Rasimu ya mwanzo ilisema ng'ombe watateremka mtoni kwa njia ya mkuyuni kuanzia mwezi wa tano. Nakala ya mjomba Pius ilisema ng'ombe watateremka kwa njia ya mkuyuni baada ya mavuno yote kuisha. Nakala ya mzee Masanja ilisema watateremka kwa njia ya mawe kuanzia mwezi wa tano. Mstari uleule, mikono miwili.

Mimi niliona nini? Niliona mjomba na mgeni. Niliona wanaolima na wanaokula mashamba ya wanaolima. Nilikuwa nimekwisha kuandika gazetini juu ya wafugaji, kwa ulimi wangu unaoujua, na nilijua jibu kabla sijamaliza kusoma swali. Stenseli, ile karatasi ya nta ya kudurufia, ilikuwa tayari kwenye taipureta ya shule, na mzee Masanja alikuwa amekwenda mnadani. Nikasema nini? Nikasema mwenyewe hayupo. Nikasema angerudi angebishana wiki nzima. Nikachapa sentensi ya mjomba, ya Masanja nikaiacha mezani.

Ndiyo maana nilikuangalia vile mchana. Ulikuwa unanisomea maneno yangu.

Sheria ikapita. Mavuno yakaisha, ng'ombe wakateremka. Masanja akawaongoza kwenye njia ya mawe, na vijana wa ulinzi wakamzuia wakiwa na karatasi yangu.

"Babu, rudi mkuyuni."

"Mkuyuni kumebomoka. Mvua imekula ukingo wote."

"Karatasi inasema mkuyuni."

"Karatasi imewahi kunywa maji mkuyuni?"

"Babu, usitutukane. Ukipita hapa tunakukamata."

Akarudi mkuyuni, kwa sababu alikuwa mtu wa kutii sheria kuliko mimi niliyeiandika. Ukingo ukaondoka na ng'ombe wa mbele, na Masanja akaondoka nao. Walimtoa na paja limevunjika. Zahanati ya Kasansa haikuwa na hata kidonge cha kutuliza maumivu, maana dawa zilizotakiwa kufika kabla ya mvua hazikufika, na barabara ilikuwa bado haijatengenezwa. Alilala pale akiuma shuka. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Nilikwenda kumwona. Nilikwenda nimejiandaa kubishana, unanijua. Nilikuwa na hoja zangu zote. Yeye akaniuliza kitu kimoja.

"Mwalimu, kwa nini ulichagua?"

"Mzee, nyie mlitaka mwezi wa tano, wao walitaka mavuno yaishe. Ilibidi nichague."

"Nani alitaka mwezi wa tano?"

"Nakala yako, mzee. Imeandikwa mwezi wa tano."

"Huo mwezi wa tano ulikuwamo tangu mwanzo. Sikuugusa. Mimi nilibadilisha njia tu. Mjomba wako ana haki, mazao ya mtu yatoke kwanza. Ungeniuliza ningekwambia. Mjomba wako naye ungemwuliza, angekwambia ukingo umekwisha, shamba lake si liko hapohapo?"

Nimesoma vitabu vingi, Nyamizi, na nimeshindana na watu wenye vyeo na majoho. Hakuna aliyenishinda kama yule mzee aliyelala chali. Wote wawili walikuwa na haki. Hawakuwa hata wanagombana! Mmoja alirekebisha wakati, mwingine akarekebisha njia, na sentensi ilikuwa na nafasi ya wote: ng'ombe watateremka kwa njia ya mawe baada ya mavuno yote kuisha. Ugomvi ulikuwa kichwani mwangu. Nilikuwa nimelinganisha nakala zao, moja kwa nyingine, bila kurudi kwenye rasimu ya mwanzo kuuliza nani amegusa nini. Laiti ningeziweka zote tatu mezani, mtoto wa darasa la pili angeona.

Baada ya hapo wazee wakaniburuza wakanifundisha kazi. Kasansa, watu wakigombania mpaka wa shamba, hakuna anayeuamua akiwa amekaa. Wagomvi wenyewe hushika kamba moja, kila mtu ncha yake, wakautembea mpaka huo tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi akawafuata nyuma. Ukiachia ncha yako umeshindwa. Masanja alipoweza kusimama, alishika ncha kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine. Mjomba Pius ncha ya pili. Wakateremka mpaka mtoni wakitukanana njia nzima.

"Wewe Msukuma, tembea, ng'ombe zako zina mbio kuliko wewe!"

"Nitembee vipi na mguu alionivunja mpwa wako kwa kalamu?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Lakini niliandika sentensi wakiwa wamesimama wote wawili juu ya mawe, nikawasomea, na kila mmoja akasema ndiyo.

Na bado hatukumaliza. Kifungu kimoja, ambacho wakulima walikiongeza, kilisema asubuhi kisima ni cha kina mama kuchota. Kingine, mbali kabisa, ambacho wafugaji walikiongeza, kilisema asubuhi kisima ni cha ndama. Havikugongana popote kwenye karatasi. Viliungana vizuri bila mtu kusimama, na kesho yake kisimani wanawake na ndama wakakanyagana. Kwa hiyo usijidanganye kwamba mashine ikinyamaza basi mmeelewana. Mashine inaona mistari, haioni maana. Kila mkishaunganisha, iendesheni programu yote muione inafanya nini, kama tulivyotakiwa kwenda kisimani asubuhi badala ya kushangilia karatasi.

Sasa turudi kwa Hamisi. Ulipoondoka nimeichukua kalenda yako nikafanya ambacho sikufanya Kasansa. Nimeandika jinsi ulivyonieleza mstari ulivyokuwa mwanzo: kila zahanati iagize kiasi kilekile kila mwezi. Wewe umeubadilisha iagize kufuatana na dawa ilizotumia kweli. Vizuri sana, nimejivuna. Hamisi yeye aliubadilisha ili penye barabara mbovu agizo lijumlishe miezi ya mvua kabla mvua haijaanza. Niambie ugomvi uko wapi. Mmoja anasema kiasi gani, mwingine anasema cha muda gani. Ni mavuno na mawe, mwanangu. Ni sentensi ileile!

Na maneno uliyoyafuta hayakuwa ya Hamisi. Hamisi anaishi Dar es Salaam, duka la dawa liko mlangoni pake. Uliyafuta ya Kasansa. Uliifuta ile zahanati ambayo mzee alilala akiuma shuka. Mtoto wa Mpanda, aliyekwama matopeni kwenye barabara zetu kila likizo ya masika, alihitaji mtu wa Kasulu amkumbushe kwamba kwetu kuna mvua, na alipokumbushwa akaona uzito bure. Umesema mwisho wa mwezi disketi zenye programu hiyo zinaanza kupelekwa mikoani. Basi mwisho wa mwezi ndiyo siku yako ya mwisho kurekebisha.

Nasikia unasema yule Hamisi ana kiburi, anaandika maelezo marefu, hakubali kushindwa. Safi. Nawapenda watu wa namna hiyo kuliko wote wanaosema ndiyo. Umelelewa na mwanamke aliyegombana na nusu ya wilaya, leo unaogopa wiki moja ya ubishi? Siwezi kuvumilia umoja wa kifutio, ule umoja ambapo wote tunakubaliana kwa sababu mmoja amewafuta wengine walipokwenda msibani. Nimeupiga vita huo maisha yangu yote kwa kalamu, na nimeufanya mwenyewe kwa kalamu hiyohiyo. Sitaki uurithi. Chukua nakala mpya ghalani kila asubuhi kabla hujaanza kazi, rudisha kidogo kidogo usirundike ya wiki tatu, na mkigongana, ondoka kwenye kiti umtafute mtu. Ukimkosa, ngoja. Treni ingekuacha, ungepanda inayofuata.

Uliniambia jambo moja linalonipa usingizi: ghala halitupi kitu, nakala za zamani zote zimo. Mimi Kasansa sikuwa na bahati hiyo. Paja la mzee halikuwa na nakala ya zamani. Wewe mistari ya Hamisi unaweza kuitoa ikiwa mizima. Basi ukifika, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote zawadi za nyumbani, mwambie ulichofanya. Yeye hajui bado, na usimwache akigundue mwenyewe. Mkae mbele ya mashine moja, rasimu ya mwanzo, yako na yake, kila mtu na ncha yake ya kamba. Atakutukana. Mtukane pia. Usiachie kamba tu.

Hapa nilikuwa nimefunga barua. Niliimalizia hivi: Usirudi nyumbani kwangu mpaka mistari ile imerudi.

Baba yako akaja kutoka kwenye cherehani yake, sindano mdomoni, akasoma juu ya bega langu, kama alivyo.

"Hii hapana. Futa."

"Sifuti. Hiyo ndiyo barua yenyewe."

"Mtoto haambiwi asirudi. Andika arudi siku yoyote."

"Hata akiwa ameua zahanati?"

"Hata akiwa ameua zahanati. Kwani wewe Kasansa nilikufukuza?"

Nikakitafuta kifutio niifute bila kubishana, Nyamizi, naapa. Mkono ulikwisha kwenda. Kisha nikamwona baba yako amesimama pale, mwenyewe yupo, hayuko msibani wala mnadani, na mimi ndiye ninayekuandikia kurasa zote hizi. Nikamvutia kiti. Tumebishana mpaka chai imepoa. Nimemwuliza anachogusa yeye ni nini, akasema ni mlango. Akaniuliza ninachogusa mimi, nikasema ni Hamisi. Tukaona nafasi ya wote ipo. Ameshika karatasi upande wake na mimi upande wangu ninapoandika sentensi hii, na tumesomeana mara mbili:

Rudi nyumbani siku yoyote, mlango hautafungwa. Na siku hiyo, kabla hujaulizwa umekula nini njiani, utaulizwa mlangoni mistari ya Hamisi iko wapi.

Ni sisi,
Mama yako, na baba yako ambaye safari hii ameulizwa